Kaburi Nililolitunga Mwenyewe

Mama yangu alivitumbukiza chooni vidonge vyake vya presha, vyote, halafu akanigeukia anatabasamu.

"Nimepona, Seifu. Wewe ndiye uliyeniponya."

Wadau, mnitukane mkitaka, nimestahili.

Kwetu ni Visiga, Kibaha, ila kazi yangu iko visiwa vya Mafia. Natembeza wageni kwenye magofu ya kale.

Kuna kisiwa kimoja kimebaki na kuta na popo tu. Mgeni anapiga picha mbili, anaanza kupiga miayo. Siku moja nikasimama kwenye kijumba cha mawe, nikatunga hapohapo: hapa kalala Bibi mmoja, walii, anaponya. Lete kitambaa cheupe na marashi, weka nadhiri yako.

Nikanogesha: "Ila ukimwomba Bibi, dawa nyingine unaacha. Bibi ana wivu!"

Mtu akanirekodi. Klipu ikasambaa, nikawa staa, watu wakafurika.

Ukweli? Kile kijumba kilikuwa choo. Laurean, mtaalamu aliyenifundisha kazi, alishanionyesha hadi shimo lake.

Juzi dada yangu Raudha akapiga: "Kaka, mama wiki ya pili hamezi dawa. Njoo!"

Kumbe alikwenda kisiwani na mdogo wake, mama mdogo Sikudhani wa Kisarawe. Aliwapeleka mwenzangu wa kazi, Hashiru, siku niliyokuwa na wageni kwingine. Wakamkanya asiniambie, maana nadhiri haitangazwi.

Nilipofika Visiga na mama kuvimwaga vidonge mbele yangu, nikapiga magoti palepale mlango wa choo.

"Mama, nisamehe. Nilitunga. Pale si kaburi, ni choo."

"Astaghfirullah! Unamkufuru Bibi?"

"Wallahi mama, choo!"

"Nilikuona kwenye simu unatoa machozi. Mtu analilia choo?"

Jamani, lilikuwa vumbi la popo.

Nikabembeleza mpaka sauti ikakauka. Raudha akalia. Mama anatembea kashika ukuta, kichwa kinamgonga, anasema huo ni ugonjwa unatoka. Nilikimbia hadi mtaa wa Picha ya Ndege kununua vidonge vingine, akavisukumia mbali. Nilimwona mama yangu anakufa, na muuaji ni mimi.

Asubuhi nikarudi kwenye kazi niliyoizoea: kutunga.

"Mama, Bibi kanijia ndotoni. Nadhiri yako imepokelewa, ila anataka umalizie kwa vidonge. Kila siku."

Akanyoosha mkono. "Sasa si ungesema tangu jana?"

Akameza! Nikakaa chini, nikamshukuru Mungu huku najionea aibu.

"Mpigie na Sikudhani," mama akasema. "Naye kaacha sindano zake za sukari. Mwambie Bibi karuhusu."

Nikapiga. Akapokea mwanawe, Kondo.

"Kaka, ndiyo nilikuwa natafuta namba yako. Mama ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya Laasiri."

Mama ananivuta shati, bado anacheka.

"Mwambie basi! Si Bibi karuhusu?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilivuka bahari, ikafika Kisarawe kabla yangu.

Ndugu yangu, siku ukiona watu wanakuamini, uogope mdomo wako. Mimi nilikuwa nachangamsha wageni tu. Jioni ile nilishika koleo, nikamfukia mama mdogo kwenye kaburi la kweli.