Saa Iliyokataa Mkono

Ukimpelekea Yasmini binti Nurdini saa mbovu kwenye kibanda chake cha Isevya, mjini Tabora, haangalii kwanza mishale. Unaweza kumweleza mpaka koo likauke kwamba inachelewa, inaruka, imeanguka kisimani. Yeye anaigeuza kifudifudi, anafungua mgongo na kuchungulia ndani. Wateja hudhani anatafuta kutu. Kumbe anamtafuta baba yake.

Mzee Nurdini alikuwa na desturi ya mafundi saa wa zamani. Saa ikishapona, kabla hajaifunga, alichora alama yake upande wa ndani wa mgongo kwa kalamu ya chuma. Wenzake waliandika tarehe au herufi za majina yao. Yeye alichora nuni, ile herufi ya Kiarabu iliyo kama bakuli na nukta juu yake, kwa sababu ndiyo inayoanza jina lake na ndiyo pekee aliyosifiwa chuoni, alipokuwa akisoma Kurani. Saa ikirudi baada ya mwaka, anaiona nuni na kujua ni mgonjwa wake wa zamani. Sasa mzee mwenyewe yuko makaburini, na Yasmini akikutana na nuni ndani ya saa ya mtu husema polepole, "Shikamoo baba," ndipo anashika kibano.

Shida ni kwamba nuni zimeadimika. Watu wameweka majira kwenye simu, na saa za baba yake zimeishia kwenye mitumba, majalalani na mikononi mwa watoto wanaozichezea. Zinazomfikia ni za betri, za plastiki, na zile za ukutani zenye picha ya maporomoko ya maji. Anazitengeneza, maana hazina kosa. Ila anazifungua bila kutegemea salamu.

Yule mzee alikuwa na ugonjwa mmoja, na akamwambukiza binti yake: kupenda saa nyembamba. Jioni, akishafunga kibanda, alikuwa akisimulia kama aliyekuwepo. Zamani, alisema, saa ilikuwa dude la kujaza kiganja, nene kama andazi, na ndizo walizoning'iniza wakubwa wa misafara waliopita hapa Tabora na pembe zao za ndovu kwenda pwani. Hao walitaka saa ionekane hata na mpagazi aliye nyuma kabisa. Lakini kule Uswisi, milimani, ambako theluji huwafungia wakulima ndani majira yote ya baridi, mafundi wakaanza kushindana kinyume: nani ataipunguza zaidi. Wakapunguza bamba, wakapunguza magurudumu, wakapunguza hata springi, mpaka kati ya chuma na chuma unywele ukabisha hodi bila kufunguliwa. Mwisho wakapata saa ya mkononi ya kuvaliwa pamoja na suti, isiyojua betri, ya kutiwa ufunguo kwa vidole viwili, na unene wake kama sarafu chache zilizolaliana.

"Sasa taabu yote hiyo ya nini, baba?" Yasmini aliwahi kuuliza.

"Saa nene inawaambia watu kwamba una saa. Nyembamba inalala chini ya mkono wa shati, inakwambia wewe tu."

Katika maisha yake yote mzee alifungua moja tu ya namna hiyo. Ilikuwa ya Mwalimu Justus wa Ipole, mwalimu wa kwaya, aliyepewa, ikiwa imeshakufa, na padri mzee aliyekuwa akirudi kwao. Wiki hiyo Yasmini alikuwa Nzega kwa shangazi yake. Aliporudi alikuta saa imeshapona, na baba yake, kwa furaha, ameipeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa mwalimu. Yasmini alinuna siku nyingi. Mzee akambembeleza kwa kumsimulia: haigongi, mwanangu, inanong'ona, ukiishika kwa ubavu unadhani umeshika ukucha. Alisimulia sana hivi kwamba binti akaanza kuikumbuka saa ambayo hajawahi kuiona, na kiu hiyo haikumtoka hata alipozeeka kiasi cha kuitwa bibi.

Macho ya mzee yalipoanza kufifia, alitamani jambo moja tu. Akavaa kanzu yake safi, akapanda basi kwenda Ipole kuomba aione ile saa kabla giza halijamfika. Alirudi siku hiyo hiyo, akakaa barazani bila kuvua viatu.

"Mwalimu anasema imekwenda Dar na mwanawe," alisema. Hakuitaja tena, na mwaka ule haukuisha kabla hajafa.

Tangu hapo Yasmini hutazama saa nyembamba kwenye simu, kama wengine wanavyotazama nyumba ambazo hawatazijenga. Ameona kwamba mashindano yamerudi. Siku hizi kuna saa nyembamba kama kadi ya benki, ambazo mgongo wenyewe ndio bamba la mashine, kwa kuwa hakukubaki kitu kingine cha kupunguza. Akiziona hutaka kumwita baba yake aje wabishane. Kisha anakumbuka, anaizima simu.

Basi asubuhi moja ya kiangazi akasimama mbele ya kibanda mama mmoja mwenye ndoo ya asali, na nyuma yake mzee mrefu, shati jeupe la mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi shingoni.

"Shikamoo mzee. Karibuni."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Nurdini?"

"Ndiye mimi."

Mzee akatoa kitambaa mfukoni na kukifungua mezani. Yasmini hakuhitaji kuambiwa. Ilikuwa imelala pale, ya dhahabu iliyofifia, uso mweupe, mishale miwili bila kelele yoyote, nyembamba hata kitambaa kilionekana kinene. Akaificha mikono chini ya meza, isije ikaikimbilia.

"Mwalimu Justus," alisema. "Imerudi lini kutoka Dar?"

Mzee akainamisha uso. Yule mama, ambaye ni bintiye, Gaudensia, akashangaa. "Dar gani, dada? Hii tangu nazaliwa naiona kabatini. Haijatoka hata kwenda Sikonge." Akaeleza kwa haraka, asijue anachochea nini. Mezani saa inakwenda kama maji. Ukiivaa tu, inasimama. Ukiivua, inakwenda. Na Jumapili wazazi wake wana jubilei ya ndoa. Mama yake, Tekla, hajawahi kumwona mumewe na saa hii mkononi, na baba ameomba kitu hicho kimoja.

"Inasimama tangu lini?" Yasmini akauliza.

"Tangu ilipotoka kwa baba yako," Mwalimu Justus akasema. "Aliniletea mwenyewe, mama. Uso wake unang'aa. Nikaivaa baada ya yeye kuondoka, ikasimama. Ningemfuata kumwambia nini? Tukikutana sokoni ananiuliza saa inaendaje, namwambia vizuri sana, fundi. Ukishasema vizuri mara ya kwanza, utageukia wapi? Halafu akaja Ipole. Nikaogopa ataivaa, ajue. Nikasema imekwenda Dar."

"Alitaka kuiona tu, Mwalimu."

"Najua."

"Alirudi akakaa na viatu barazani."

Hiyo ndiyo heshima yetu, ya kumsitiri mtu aibu hadi tunamnyima alichokijia. Yasmini alikuwa na hasira ya kumrudishia mtu saa yake na kitambaa chake. Lakini pia alikuwa hajaishika bado. Akavaa lenzi yake jichoni, akaichukua.

Haikuwa kama alivyosimuliwa. Ilikuwa zaidi, na aliyesimulia hayupo tena kuulizwa. Akaitia ufunguo, akaiweka sikioni, ikanong'ona. Akabonyeza mgongo kwa kidole gumba, taratibu, kama mkono wa mtu unavyobonyeza. Kimya. Akaachia, ikaendelea. Akafungua.

Nuni ilikuwa pale, imechorwa kwa madaha kuliko zote alizowahi kuona, bakuli limekaa sawasawa, nukta katikati.

"Shikamoo baba," akasema, na safari hii sauti ilisikika.

Kisha akaona. Kalamu ya chuma ni kama jembe. Ikichimba mfereji, inaacha matuta pembeni. Katika saa ya kawaida matuta hayo yana nafasi ya kulala, hayamgusi mtu. Katika hii, mgongo ni mwembamba kama bati la kopo, na chini yake hakuna nafasi. Saa ikivaliwa, mkono unausukuma mgongo ndani kidogo tu, tuta la nuni linaegemea gurudumu linalocheza, na saa inasimama. Mzee Nurdini aliitengeneza bila dosari. Kilichoiua ni sahihi yake mwenyewe.

Yasmini akaweka vyombo chini, akawaeleza. Hakuficha kitu, yalikuwa yamefichwa ya kutosha.

"Dawa ni mbili," alisema. "Naweza kukata pete ya karatasi nyembamba, niitie chini ya mgongo, uinuke kidogo. Alama inabaki. Ama niisugue alama iondoke. Mchoro wenyewe hauna kina. Matuta yakienda, nao unakwenda."

"Tia pete," Mwalimu Justus akasema mara moja. "Usimfute baba yako kwa ajili yangu."

Yasmini alitaka kukubali. Mungu anajua alivyotaka. Akaikata pete, akaitia, akafunga, akaitazama kwa ubavu. Ilikuwa imenenepa. Mtu mwingine asingeona, lakini aliyelelewa kwa masimulizi yale aliona, kama unavyoona uvimbe kwenye uso wa ndugu. Baba yake asingeitambua. Watu wazima wa Uswisi walikesha na theluji yao ili kutoa unene huo, naye aurudishe kwa sababu anamkosa mtu?

Akaitoa pete. Akachukua jiwe laini na tone la mafuta, akaanza kusugua, akianzia kwenye nukta. Aliuma midomo, lakini machozi hayakujali. Gaudensia akageuka akaangalia barabara. Nukta ikaenda, bakuli likawa nusu, likawa uzi, likawa kivuli, na mwisho ukabaki mng'ao mtupu, safi, ambao usingejua kamwe kwamba Nurdini alipita. Yasmini hakuchora alama yake. Akafunga mgongo.

Alimvalisha Mwalimu Justus mwenyewe, akakaza mkanda, kisha wote watatu wakakaa wakisubiri kama watu waliopeleka mgonjwa. Mshale ukasogea. Mzee akakunja ngumi, akainua mkono, akaushusha. Mshale ulikuwa unasogea bado. Gaudensia akapiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo.

Lakini Mwalimu Justus hakuinuka kushangilia. Alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo, saa ikapotea chini ya kitambaa kana kwamba haikuwepo. Akamtazama Yasmini.

"Amelala wapi, mwanangu?"

Walikwenda kwa bajaji. Kwa Waislamu wa mtaa wake, mwanamke haingii makaburini, kwa hiyo Yasmini alibaki kwenye ukuta wa nje pamoja na Gaudensia, akamwelekeza mzee kwa kidole: lile lililopakwa chokaa, karibu na kona. Akamwona anakwenda kwa fimbo, anasita, anavua kofia. Alipiga magoti kwa shida, goti moja kwanza, kisha la pili.

Midomo yake ilikuwa inasema kitu, ila mbali vile hakuna aliyesikia. Kisha akafungua kifungo cha mkono wa shati, akaupandisha hadi kwenye kiwiko, akaunyoosha mkono juu ya udongo. Akakaa hivyo, mkono umenyooka, bila haraka, akimpa mwenzake muda wa kutazama.