Profesa wa Jinai Alipofika Shambani kwa Hamisi

Siku ya kwanza kazini nilifika mahakamani Ruangwa na begi, godoro na uso wa mtu aliyepelekwa uhamishoni. Kutoka kwetu Nachingwea si safari ya kuaga watu, lakini mimi ni mtu wa nyumbani. Hata sokoni nikikawia naanza kukikumbuka kitanda changu. Hakimu Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alinitazama akauliza, "Wewe umekuja kuwa karani au umefiwa?"

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Karani wa mahakama, kwa ninyi vijana mnaodhani tulikuwa tunagonga mihuri tu, hufungua majalada, huita mashauri, na shahidi akishindwa Kiswahili humtafsiria. Nilikuwa na kidato cha nne na Kimwera cha bibi yangu, nikajiona msomi. Mfawidhi akanishusha: "Hapa hatuandiki kilichotokea. Tunaandika kilichosemwa." Nilicheka. Siku hizi sicheki.

Nililalamika mpaka wakanihamishia Nachingwea, nadhani kwa kunichoka. Ndipo akaja Profesa wa sheria ya jinai kutoka chuo kikuu, anatafiti makosa yanayomalizwa majumbani kabla ya kufika polisi. Mfawidhi wa pale akanikabidhi kwake: "Mpeleke kwa watu. Si unajidai unajua kila mlango?"

Nikampeleka Nambambo kwa Hamisi, jirani wa shamba letu la urithi. Kasto, mwenye shamba linalopakana na la Hamisi, alimkata Hamisi mkono wa kulia kwa panga walipogombania mpaka wa mikorosho. Hospitali iliambiwa ni ajali. Kisha wajomba wa pande mbili wakakaa, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno, baba hukaa pembeni na uji wake. Wakaamua: kila msimu Kasto alime shamba la Hamisi kwanza, ndipo aguse lake, mpaka mmoja wao afe.

Tuliwakuta kwenye palizi ya ufuta. Hamisi amekaa kwenye gogo, anasimamia.

"Kasto, umeruka majani hapo."

"Njoo uyang'oe mwenyewe, bosi."

"Kwa mkono upi?"

Wakacheka wote wawili. Profesa hakucheka, alikuwa anarekodi. Akamuuliza Hamisi kama ameridhika.

"Nakula," Hamisi akajibu.

Njiani kurudi Profesa alinieleza kwamba jinai ni kosa dhidi ya Jamhuri. Aliyeumizwa ni shahidi tu.

"Na mkono wake je?" nikauliza.

"Huo ni kielelezo," akasema. Kielelezo ni kitu kinacholetwa mahakamani kuthibitisha kosa.

Alikuwa mtu mwema, hilo simnyimi. Alimwahidi Hamisi kulificha jina lake, na akalificha. Kwenye semina ya wanasheria Ruangwa alitaja Bwana A na Bwana B. Ila akaisifu, kwa moyo wote, kata ya Nambambo, ambako aliyekata mkono anamlimia aliyekatwa. Mtu wa namna hiyo kata nzima ni mmoja. Mwendesha Mashtaka wa kwetu Nachingwea alikuwa mstari wa pili anakula sambusa. Akaacha kutafuna.

Kasto alikamatwa jembe likiwa mkononi. Shauri nililiita mimi. Kasto, kwa kufundishwa na mahabusu wenzake, alikana kosa, kwa hiyo Hamisi akapandishwa kizimbani kama shahidi wa kwanza wa Jamhuri.

"Mshtakiwa alikukata?"

"Alinikata. Na ananilimia."

"Jibu ulichoulizwa," Hakimu akasema.

"Alinikata."

Kasto akafungwa. Nje, Hamisi alinisubiri kwenye ngazi. "Bwana karani, mkono mmoja alinikata Kasto. Hii miwili yake, iliyokuwa inanilimia, mmenikata ninyi."

Nilimpigia Profesa. Akasema inasikitisha, lakini kisheria hukumu ni sahihi. Na ni sahihi. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kasoro, sijaipata. Nasikia kitabuni mwake sura ya Nambambo ndiyo wanafunzi wanayoipenda zaidi.

Nimestaafu sasa. Nakaa nyumbani, jambo nililolililia ujana wangu wote, kumbe nyumbani kwenyewe ni karibu mno na kwa Hamisi. Shamba lake limebaki kipande kinachofikiwa na mkewe. Kwingine ni kichaka. Nilijiambia Kasto akitoka mambo yatarudi kama yalivyokuwa. Alipotoka, nikamfuata shambani kwake nikamkumbusha neno la wajomba.

"Shikamoo, bwana karani," akasema, bila kusimamisha jembe. "Pale mahakamani niliambiwa niliyemkosea ni Jamhuri. Mpaka ukaniita jina langu kwa sauti, nisikie vizuri. Basi Jamhuri nimeilimia, gerezani, mpaka wakanifungulia. Sasa nalima kwangu."

Hamisi alikuwa upande wa pili wa mpaka, ameinama, kijembe mkono wa kushoto. Alikuwa anatusikia. Hakuinua kichwa.