Mshipi Usioonekana

Katika boti ya Fondo, kule Likoni, wavuvi wote walivua kwa mshipi, ule uzi wa ndoana, wa rangi moja. Hiyo ilikuwa sheria tangu enzi za babake Fondo, na sababu yake ilikuwa husuda. Mmoja akivua kwa mshipi wa kijani na mwenziwe kwa mweupe, kisha mmoja akapata tewa, samaki mnono wa miambani, na mwenziwe akarudi na chambo chake, maneno huanza kabla boti haijafika pwani. Kwa hivyo mkubwa wao kwa umri ndiye aliyeteua mshipi, na wengine wakafuata. Mkubwa huyo alikuwa Abubakar.

Uteuzi ulifanyika bandani mbele ya watu. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyowahi kutiwa achari, hujazwa maji ya bahari. Kipande cha mshipi mpya huzamishwa ndani, na mteuzi huinama akakitazama kutoka ubavuni. Mshipi unaoonekana hukataliwa. Tewa hukaa kwenye mlango wa pango lake akitazama kila kinachopita, na akiona uzi unaomeremeta juu ya ngisi wa chambo, hurudi ndani akalala na njaa yake.

Miaka mingi Abubakar aliteua mweupe, ule unaoyeyuka majini kama chumvi, na hakuna aliyempinga. Alikuwa akikaa mbele botini, mshipi ukipita juu ya kidole chake cha shahada, na alipovuta hakuvuta bure. Mama karanga, wanawake wanunuao samaki wa kukaanga, walimsubiri yeye kwanza. Wavuvi wa boti nyingine walikuja kumuuliza habari za rangi kama watu wanavyomwendea mganga, naye aliwajibu kwa ufupi, maana alipenda kuulizwa kuliko alivyopenda kujibu.

Kisha macho yakaanza kuingia ukungu. Kwanza hakuona maandishi, na hilo halikumshughulisha. Baadaye hakuuona mshipi mweupe ukiwa juu ya kiganja chake mwenyewe. Aliutupa asijue ulikoelekea, ukaenda kujisokota na wa Gona, mvuvi aliyekaa nyuma yake, mwanamume mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi.

"Mzee, umeniingilia tena," Gona alisema. "Kama una haja nami, sema tu, usinifunge kamba."

Boti nzima ilicheka. Abubakar alicheka pia, akijipapasa kutafuta kisu.

Mkewe, Jalila, ndiye pekee aliyejua. Yeye ndiye aliyemfungia ndoana nyumbani, alasiri, mlango ukiwa umerudishwa.

"Baba Mastura, huo ni mtoto wa jicho," alimwambia. "Kliniki ipo. Yule jirani wa nyuma ametoka huko, sasa anawaona hata wasiomsalimu."

"Nikirudi na bandeji usoni, Fondo ataniuliza tangu lini sioni."

"Umwambie."

"Boti ina nafasi nne, Mama Mastura. Nikishuka, kabla sijakauka miguu kuna mtu ameshakaa."

Msimu uliofuata, mbele ya chupa, Abubakar alisukuma kando mshipi mweupe akachukua mwekundu. Watu waliguna. Mwekundu ulionekana hadi mlangoni.

"Waulizeni wazamiaji wa pweza," alisema kwa utulivu. "Mtu akijikata kule chini, damu yake haiwi nyekundu, huwa nyeusi kama wino. Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kufa majini. Juu nyinyi mtauona, chini tewa hatauona. Na penye ndoana tutaunga pima moja ya mweupe."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Fondo alikubali, na wiki za kwanza tewa walipanda kama walioitwa. Kilichokuwa uongo ni sababu. Abubakar aliuteua mwekundu kwa kuwa ndiyo rangi pekee iliyobaki kwenye kiganja chake, mstari mmoja ndani ya ukungu, na alipouona tena mara ya kwanza nusura alie mbele ya wenzake.

Baadaye samaki wakapungua, kama wanavyopungua kila mwaka, na kila mwaka watu hutafuta wa kumlaumu. Fondo akaanza kuutazama mshipi mwekundu kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa mno. Gona naye alikuwa akimtazama mwenye mshipi. Alimwona akiukanyaga mtego wa mtu njiani. Alimwona akiliamkia kwa heshima pipa la petroli lililotundikwa koti, "Sabalkheri, nahodha," kisha akingoja kujibiwa.

"Yule haoni," Gona alimwambia Fondo. "Ametuvisha nyekundu sote ili yeye apate kuona."

Fondo hakuwa mtu wa kelele. "Tutajua," alisema.

Alasiri moja Abubakar aliitwa bandani. Boti zilikuwa zimerudi, na watu walikuwa wengi kuliko kawaida ya siku ya kuteua. Wengine walikuwa wameacha kukusanya nyavu wakaja. Katikati ya meza kulikuwa na ile chupa, imejaa maji.

"Karibu, ami," Fondo alisema. "Nimepata mshipi mpya, dukani wanasema haujapata kuletwa hapa. Nimeshauzamisha. Tupe neno."

Abubakar alisogea, akaweka mikono magotini, akainama. Alichoona ni mwanga mweupe na kivuli cha meza. Alisubiri kitu kijitokeze. Nyuma yake mtu alikohoa. Angeweza kusema haoni kitu. Angeweza kutia kidole majini, kama alivyofanya mara elfu na mshipi mkononi, akapapasa. Lakini kidole kingekuwa ni kukiri, na watu walikuwa wengi.

Akageuza kichwa upande mmoja, kisha wa pili, kama zamani.

"Mzuri huu," alisema.

"Unaonekana?" Fondo aliuliza.

"Kidogo, hapa pembeni, mwanga unapoupiga. Lakini una ubuluu ndani yake. Kwenye kina utapotea."

"Ubuluu?"

"Wallahi, ubuluu mwepesi sana. Si kila jicho litauona."

Kisha Gona akaiinua chupa, akaipindua, na maji yote yakamwagika juu ya meza hadi kwenye miguu ya Abubakar. Hakukuwa na kitu ndani. Akaitikisa chupa tupu sikioni mwa mzee, na kicheko kikapasuka, kikatoka bandani hadi kwa wanawake waliokuwa wakikaanga samaki, nao wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka wao.

"Ungesema huoni kitu, mzee, ungepata!" Gona alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Jibu lilikuwa lako, umelitupa mwenyewe!"

Abubakar alisimama, maji yakimtiririka kwenye kanzu. "Nafasi yangu, Fondo," alisema.

"Nafasi imeshapata mtu."

Kesho yake alikwenda kliniki. Hakukuwa na cha kuficha tena. Jalila alimshika mkono kwenye tuktuk, na watoto wa mtaani walikimbia nyuma yao wakipiga kelele, "Ubuluu! Ubuluu!" Madaktari walimpasua jicho moja, baadaye la pili. Bandeji zilipofunguliwa, aliona nyufa za ukuta, na kovu kwenye kidevu cha Jalila ambalo alikuwa amelisahau. Aliona kwamba mkewe amezeeka.

Alipopona alikwenda kwa Fondo asubuhi, boti ikiwa inatayarishwa. Alisimama hatua chache kutoka kwake akataja, mmoja baada ya mwingine, kila kitu kilichokuwa botini, hadi kutu kwenye msumari. Fondo alimsikiliza hadi mwisho, akiendelea kufunga mashine.

"Alhamdulillahi kwa macho yako, ami," alisema. "Lakini kipofu ningembeba. Ningemkalisha katikati, akapiga maji nje, akala na wenziwe. Wewe uliapa kwa Mungu kwamba umeona. Siku moja nitauliza kama mbele kuna mwamba, nawe utaona haya kusema hujui."

Abubakar alisogea kando, akawapisha wengine.

Wavuvi walipanda. Kwenye nafasi ya mbele alikaa kijana wa Fondo mwenyewe, na nyuma yake Gona, akikunja mshipi wake mwekundu kwenye kibao. Walikuwa hawajaubadilisha, maana tewa walikuwa wamerudi. Jua liliupiga mshipi ule, na Abubakar aliona, waziwazi, kwamba pima chache kutoka mwisho ulikuwa umechubuka. Nyuzi zake zilikuwa zimesimama kama nywele. Tewa mkubwa akiuvutia mwambani mara moja tu, utakatika.

"Gona!" aliita. "Mshipi wako umechubuka! Hapo, chini ya kidole gumba!"

Gona aliinua kichwa, akawatazama wenzake, akatabasamu.

"Una ubuluu, mzee?"

Walicheka wote, hata kijana wa mbele. Fondo aliiwasha mashine bila kugeuka. Gona aliendelea kukunja, na palipochubuka pakapita chini ya kidole chake tena, pakaingia ndani ya mikunjo. Abubakar alifungua mdomo aseme mara ya pili. Mama karanga mmoja alikuwa amesimama karibu, beseni kichwani, akimsubiri aseme, uso tayari umekaa kwa kucheka.

Akaufunga mdomo. Boti ikaenda, na kwa kuwa macho yake sasa yalikuwa mazima, aliendelea kuwaona kwa muda mrefu.