Matusi Yasiyokuwa ya Kangwa

Kangwa hakuwaogopa wachungaji. Albamu ya kwanza ya bendi yake, Tanuru, ilipotoka, walimwombea kwa vipaza sauti kama mtu aliyepagawa, naye akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kosa lake lilikuwa nini? Kunguruma kooni juu ya magitaa yenye kelele za kiwandani, akiimba moshi wa shaba na wazee wanaokohoa. Kama shetani hukohoa hivyo, basi ana jamaa wengi Lubumbashi.

Albamu ya pili ndiyo iliyomponza. Baba yake alikufa, na kilioni Nkandu, mtoto wa dada yake Kangwa, fundi pikipiki mwenye ndevu zake, alifanya kama wajukuu wafanyavyo. Alilala mbele ya jeneza akamtukana babu yake kwa ulevi, kwa ubahili, kwa miguu inayonuka, na watu wakacheka huku wanalia. Hiyo ni haki ya mjukuu. Kangwa, ambaye hakutoa hata chozi moja siku ile, aliyabeba matusi yale yangali moto, akayaunguruma kwa sauti yake mwenyewe katika wimbo wa albamu hiyo. Wimbo ukawaka hadi kwenye majumba ya matajiri wa mtaa wa Golf. Vijana wakasema bendi imekomaa, imeacha viwanda na kuingia kwenye mila. Kukomaa gani! Mtoto anamtukana baba aliyemzaa, na mji mzima unatikisa kichwa kwa furaha.

Mama yake, Adolphine, aliusikia kwenye redio ya jirani. Alimpigia simu.

"Miye nilizala mutoto, hapana mujukulu. Usikanyage kwangu."

Mwaka ukapita. Siku ndugu walipokusanyika kuondoa matanga, Kangwa alisimama nje ya geti pamoja na Donat, mpiga ngoma wake. Kama matanga yangeondolewa bila yeye, angebaki mgeni kwao mpaka naye azikwe.

"Tuende ku studio, mon cher," Donat alinong'ona. Albamu ya tatu, disque yao mpya, ilikuwa imefika nusu, naye alitaka matusi zaidi. "Scandale njo inauzisha disque."

Nkandu akafungua geti, akamzibia mjomba wake njia kwa mwili. "Tonton, uliiba kazi yangu! Mwizi! Kichwa kubwa ya bure!" Watu wakaangua kicheko, maana yeye anaruhusiwa. Kisha akageukia nyumba, akamwita bibi yake. "Kaku, eko hapa! Aingie ao hapana?"

Adolphine alitoka amevaa nyeusi ya ujane, ambayo angeivua matanga yakiondolewa, kuanzia kichwani hadi miguuni. Kicheko kikakatika.

"Lia," alimwambia mwanawe.

Kangwa akafungua mdomo. Ukatoka ule mngurumo wa jukwaani, maana koo lake lilikuwa limesahau sauti nyingine, na shangazi mmoja akarudi nyuma kwa hofu.

"Hapana ile. Ile iko ya disque. Lia ya mutoto."

Alijaribu tena, hakikutoka kitu. Wanaume wakatazama chini. Adolphine akamgeuzia mgongo, akaanza kurudi ndani, na hapo Kangwa akashikwa na woga ambao hakuwahi kuuimba.

"Papa," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, ikapasuka katikati. "Papa wee." Akaketi vumbini analia machozi na makamasi mbele ya watu wote.

Mama yake akarudi. Alivua kile kitambaa cheusi kichwani, akampangusa nacho uso.