Ugonjwa wa GPS Uliomchosha Mama Yoeli

Jua ndiyo kwanza linachomoza Masasi, na Bernadeta Millanzi amelala chali chini ya dashibodi ya ndege ndogo, miguu ikining'inia nje ya mlango. Tochi ameibana kwa meno. Anavuta waya mmoja, anautazama, anaurudisha. Kisha anashusha pumzi.

"Mzima," anasema. "Kila kitu kizima. Ndiyo maana nimechoka."

Bernadeta, ambaye hapa uwanjani wote humwita Mama Yoeli, ni fundi wa umeme wa ndege mwenye miaka hamsini na mbili. Ndege hii ya viti vitano hupeleka madaktari na damu ya wagonjwa Newala na Tandahimba. Tangu mvua zikatike, GPS yake, chombo kinachomwonyesha rubani mahali alipo, imekuwa ikipoteza setilaiti hewani na kurudi yenyewe karibu na kutua.

Asiyepajua Newala ataliona jambo dogo. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na asubuhi za kipupwe ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma ukafunika kila kitu. Rubani asiyejua alipo anaweza kuukuta mteremko kabla hajauona.

"Yule kijana anayeirusha ana mama yake Tanga," anasema. "Anayetia saini kwamba ndege ni nzima ni mimi. Akianguka, nitamwambia nini mwenzangu?"

Amebadilisha antena ya juu ya paa. Amefungua viungio vya nyaya, akavisafisha kimoja kimoja. Amewasha injini ndege ikiwa imesimama, akakikodolea kioo cha GPS hadi macho yakamwuma. Chini, GPS haikosei. Ni kama mtoto anayeungua homa nyumbani, akifikishwa zahanati anacheka na nesi.

Washauri hawakukosekana. Mlinzi wa uwanja, Mzee Jumanne, alisema ndege iogeshwe dawa. Wenye ndege nao walipiga simu kuuliza kama fundi anaiweza kazi. Hilo lilimwumiza, na hafichi.

"Nililia," anasema. "Mtu mzima, nalia jikoni, ugali unaungua."

Siku zote viti hujaa madaktari. Leo kimoja kiko wazi na anga ni jeupe, basi Mama Yoeli anaamua kupanda mwenyewe.

"Shikamoo, Mama," anasema rubani, Kapteni Tahiri.

"Marahaba, mwanangu. Fanya kama unavyofanya siku zote. Mimi sipo."

Wanapaa. Kioo kinatulia hadi nyumba za Lisekese zinapobaki nyuma. Hapo Tahiri anatoa chaja mfukoni, anaichomeka kwenye tundu la umeme, simu inaanza kula chaji. Punde tu, GPS inakufa.

"Chomoa hiyo!"

Anachomoa. GPS inarudi. Anachomeka, inakufa tena.

Chaja duni hutoa kelele za umeme ambazo sikio halizisikii, nazo hufunika mawimbi hafifu ya setilaiti. Tahiri alipoulizwa kama kuna kilichobadilika kwenye ndege, alijibu hakuna. Chaja ni ya simu, ya ndege kivipi? Na kila akikaribia kutua huichomoa, ili akishatua ampigie fundi wake kwamba amefika salama.

Aliinunua wapi? Mama Yoeli anainamisha kichwa.

"Nilimpa mimi, niliitoa sokoni. Simu yake mbovu, ilikuwa inazima njiani. Nikimpigia simpati, nakaa roho juu. Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako."

Wakisharudi Masasi, anakata waya wa lile tundu asije mtu akachomeka kingine.

"Sasa simu ikizima nitakupigiaje, Mama?" anauliza Tahiri.

"Usinipigie."

Ndege inaondoka tena, safari hii na damu ya Newala. Mama Yoeli anakaa juu ya sanduku la vifaa. Matumaini yake si makubwa, anasema: anataka siku moja aiage ndege, aende nyumbani ale, alale.

Muda unapita. Anatoa simu, anapiga. Sauti ya mtandao inamjibu kwamba namba haipatikani.

"Bora ajue yeye alipo," anasema. "Mimi nitajua akirudi."