Dumu la Mpuliza Dawa

Baba mkwe wa Winfrida alikuwa mpuliza dawa wa mikorosho pale Chiungutwa, na kwa uangalifu hakuwa na mpinzani. Hakushika bomba kabla ya kujifunga kitambaa puani, wala hakumbeba mtoto wa mtu kabla ya kuoga. "Sumu haina undugu," alizoea kusema, akijikuna vidole vilivyobabuka. Tangu soko huria lijaze maduka dawa za kila rangi, dumu la dawa likiisha alilisugua kwa mchanga mara tatu, akalinusa, akaridhika, akampa mkewe la kuwekea maji ya kunywa. Maji kwao ni ya shida, na dumu zima halitupwi.

Mwaka wa nne wa ndoa bila mimba, hospitali ikampima mume wa Winfrida, ikakuta mbegu haba. Daktari akauliza: utotoni alikunywa maji ya chombo gani?

"Maswali gani hayo!" mzee alicheka walipomsimulia nyumbani. "Kwetu mwanamume hapimwi."

Akachimba mizizi mwenyewe, akaichemsha kutwa, akamletea mkwewe dawa ya uzazi ndani ya dumu la manjano, picha ya fuvu bado iko ubavuni. Winfrida akapiga goti kuipokea.

"Kunywa bila wasiwasi, mwanangu," mzee akamwambia. "Dumu hili ndilo lililomlea mumeo."