Neno Moja kwa Clifford Bagnall

Clifford Bagnall alizaliwa Coventry, akafanya kazi Coventry, na huko huko ndiko walikompeleka. Waingereza wakimsusa mtu, wakaapa kutomsemesha, husema wamempeleka Coventry. Yeye walimpeleka mwaka ule wa mgomo wa kiwanda cha magari, asubuhi alipopenya katikati ya wenzake waliojipanga getini akaenda kushika spana yake. Aliyewaapisha wengine alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Leonard.

Mgomo ulikwisha, kiwanda kikafa, mahali pake pakajengwa maduka. Kiapo hakikufa. Katika klabu ya wafanyakazi Clifford aliwekewa bia yake kaunta bila hata "karibu", akainywa peke yake kwenye meza ya mlangoni, penye baridi. Siku alipomzika mkewe, Doreen, Leonard alikuja, akavua kofia mbele ya jeneza, akaondoka. Hata pole hakumpa.

Sasa Clifford alikuwa ameuza nyumba. Kesho yake angehamia Norwich kwa binti yake. Kabla ya kuondoka alitaka kitu kimoja tu: ndugu yake amsemeshe, hata neno moja.

Jumapili hiyo mchana klabuni palikuwa na chemsha bongo. Msoma maswali, Beryl Tranter, akashika kipaza sauti. "Haya, swali la nyumbani. Msemo wa kumpeleka mtu Coventry ulianzia wapi?"

Vicheko. Macho yakaenda mlangoni, kisha yakakwepa.

"Si tumuulize mwenyeji wa huko?" mmoja akasema. "Ah, nimesahau. Hatumwoni."

Leonard akasimama kwa niaba ya meza yake. "Wafungwa. Askari wa mfalme walioletwa hapa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mji ulikuwa upande wa bunge, hakuna aliyewapa salamu."

Ndivyo baba yao alivyowasimulia jikoni, akimenya viazi, na tangu utotoni Leonard alikuwa tayari kurusha ngumi kwa ajili ya hadithi hiyo. Clifford alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Meza nyingine?" Beryl akauliza. "Ya mlangoni naona iko tupu."

Clifford akasimama bila kuitwa. "Uongo mtupu. Ni mti. Palikuwa na mti wa kunyongea watu, jina lake kama la mji huu, ndipo msemo ulipotoka. Hizo za wafungwa ni porojo za mzee aliyependa kusikilizwa jikoni."

Sheria ilikuwa wazi: aliyesuswa hajibiwi, hata akisema jua linachomoza magharibi. Leonard akauma mdomo. Shingo ikamwiva.

"Mti!" akalipuka. "Mti gani, kichwa maji wewe? Nionyeshe kisiki chake! Baba hakuwa mwongo. Ukoo huu una mwongo mmoja tu, na alipita getini mchana kweupe!"

"Len," jirani akamvuta mkono. "Umemsemesha."

Leonard akaketi, akageuza kisogo.

Beryl akatazama kadi yake. "Hakuna anayejua kwa hakika," akaiambia taa ya darini. "Wapo wanaosema wafungwa, wapo wanaosema mti. Swali linalofuata."

Clifford akamaliza bia, akavaa koti. Alipofika kwenye meza ya nduguye akasimama.

"Ni wafungwa, Len. Sijawahi kuamini vingine."

Leonard alikuwa akikata pai yake ya nguruwe vipande vidogo vidogo. Hakuinua macho, wala hakula hata kimoja.